Usikimbilie Kununua Balbu

Gari likiletwa kwangu hapa Migori na taa mbovu ya nyuma, mwenyewe huwa ameshatoa hukumu: "Fundi, balbu imeungua." Mara nyingi ameshanunua nyingine, ameiweka haiwaki, na sasa anamlaumu muuzaji kwamba amemuuzia feki. Mimi huanza na swali moja. Taa za breki zimekufa zote, au upande mmoja?

Zikifa zote kwa pamoja, ziache balbu kwanza, maana ni nadra zote kukatika siku moja. Angalia fyuzi, kisha swichi ndogo iliyo juu ya pedeli ya breki. Ukikuta fyuzi imekatika, weka nyingine ya ampea zilezile. Usiweke karatasi ya pakiti ya sigara iliyokunjwa badala yake, maana haikatiki umeme ukizidi. Kinachoungua ni nyaya, na gari juu yake.

Ikiwa ni upande mmoja, kosa liko karibu na taa yenyewe: balbu, soketi, au waya wa arthi. Huu wa arthi ndio unaowasumbua sana watu wa huku. Umeme ukitoka kwenye betri na kupita kwenye balbu, lazima upate njia ya kurudi, na ndani ya gari njia hiyo ni bodi ya chuma. Waya mfupi, aghalabu mweusi, huiunganisha soketi na bodi kwa skrubu. Sasa chukua Probox inayobeba samaki kutoka Mbita na Homa Bay kwenda Rongo. Barafu inayeyuka, maji ya samaki yanachuruzika pembeni mwa buti na kutuama pale pale kwenye skrubu. Nikifungua taa nakuta shaba imeota kijani, na chini ya skrubu kutu tupu.

Arthi ikikatika, taa hufanya vituko. Balbu nyingi za nyuma za volti 12 zina nyuzi mbili: mmoja wa wati 5 kwa taa ya usiku, mwingine wa wati 21 kwa breki. Mchana, dereva akikanyaga breki, umeme uliokosa njia hurudi kupitia uzi wa pili, na taa ndogo za kwingine zinawaka kwa ufifu. Usiku ni hatari zaidi: taa zimewashwa, anakanyaga breki, na upande ule unazima kabisa. Yaani anapotaka kuonekana ndipo anapotoweka.

Kupima ni rahisi. Toa balbu, bana klipu ya testa kwenye chuma safi cha bodi, mwombe mtu akanyage breki, gusa ncha kwenye mguso wa breki ndani ya soketi. Testa ikiwaka, umeme unafika. Kisha rudisha balbu, chukua kipande cha waya, unganisha arthi ya soketi na chuma kilichokwanguliwa rangi. Taa ikiwaka, ugonjwa umeshaupata: fungua skrubu ile, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kuzuia maji. Balbu yako ya zamani itaendelea na kazi.

Lakini ninachokiogopa hasa ni tela za miwa zinazovutwa na trekta usiku kwenda kiwandani Awendo. Barabara ile ya A1 inatumiwa na matatu, bodaboda na malori ya Isebania, na huku giza halisubiri. Ikipita saa moja jioni huoni kitu. Tela isiyo na taa unaiona ukiwa tayari chini yake. Kosa lenyewe huwa dogo: plaga inayounganisha trekta na tela imejaa tope, au waya wake uliachwa ukiburuzwa ukakatwa na mawe. Wakati mwingine taa zinawaka vizuri ila miwa imening'inia na kuzifunika. Dereva, kabla hujatoka shambani, safisha plaga, funga waya juu, washa taa, ushuke uzunguke nyuma. Miwa iliyoning'inia ikatwe kwa panga hapo hapo.