Sura ya Sita: Mgodi Uliopandwa Nyasi

Mgodi ukifungwa, matingatinga husambaza vifusi, hulaza miteremko na kurudisha udongo wa juu, kisha mbegu humwagwa. Mvua za kwanza zikinyesha, kilima kizima hugeuka kijani. Picha hupigwa, hotuba husomwa, na wengi huamini kazi imekwisha. Kwa mkaguzi, hapo ndipo inapoanza, kwa sababu nyasi za mwaka wa kwanza zinaishi kwa mbolea ya siku ya kupanda. Kama udongo unaweza kujilisha wenyewe, hilo halijajulikana bado.

Machimbo ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, yalitoa fundisho hilo mapema. Chokaa ya saruji ilipokwisha kuchimbwa, kilichobaki ni uwanda wa mwamba wa matumbawe usio na udongo. Kuanzia mwaka 1971 René Haller, aliyekuwa akiyarekebisha machimbo hayo, alijaribu aina 26 za miti; ni tatu tu zilizodumu, na mvinje ukaongoza. Ulikua vizuri kwa kuwa bakteria wa mizizini mwake huupatia nitrojeni kutoka hewani. Aliyeutazama kwa mbali angesema msitu umepatikana. Chini yake, hata hivyo, majani yake membamba yalilundikana makavu bila kuoza, maana yana tanini nyingi. Haller alileta jongoo wenye miguu myekundu, wakayala, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo wa rutuba. Tatizo lile lisingeonekana kwa kuhesabu miti peke yake. Ilibidi mtu ainame.

Kuinama huko kuna utaratibu wake. Mkaguzi hupigilia alama mbili za kudumu, hunyoosha utepe wa mita 50 katikati yake, na kila mita hushusha kijiti chembamba hadi chini. Kimegusa nini: jani, majani makavu, jiwe, au udongo mtupu? Kikigusa mmea au majani makavu mara 31 kati ya 50, kifuniko ni asilimia 62. Mwaka unaofuata anarudi palepale, msimu uleule. Anayepima Aprili mwaka huu na Septemba mwaka ujao amepima mvua tu. Magugu vamizi huhesabiwa peke yake, na miche iliyojiotea huandikwa kwa uangalifu kuliko yote, kwani mti uliopandwa na binadamu unathibitisha juhudi zake, na mche uliojiotea unathibitisha kuwa mahali pale panaweza kuzaa. Tarakimu hizo hulinganishwa na eneo la jirani ambalo halikuchimbwa.

Mmomonyoko ni mgumu zaidi kuushika. Njia ya zamani ni kupigilia vipande vya nondo kwenye mteremko na kupima kila mwaka urefu uliobaki nje. Milimita moja inaonekana kitu kidogo, lakini ikiondoka kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10 za udongo. Tabu ni kwamba kifusi kipya hutitia chenyewe, na hapo kipimo huweza kudanganya. (Tabu nyingine ni wanunuzi wa vyuma chakavu.) Ndiyo maana nondo haziachwi peke yake: mitego ya mashapo huwekwa chini ya mteremko, na mifereji midogo hupimwa upana na kina kabla haijawa makorongo. Setilaiti husaidia kuona eneo lote kwa pamoja, lakini nukta moja ya picha za Landsat hufunika mita 30 kwa 30. Mfereji wa upana wa mguu hupotea humo, na rangi ya kijani haisemi kama ni mti wa asili au gugu.

Kipimo kigumu kuliko vyote nivijuavyo kimewekwa kwa mgodi wa urani wa Ranger, kaskazini mwa Australia, uliozungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Kakadu. Uchenjuaji ulikoma Januari 2021. Masharti yanataka topesumu, yaani mabaki ya uchenjuaji, itengwe na mazingira kwa miaka isiyopungua 10,000, na mmomonyoko usitofautiane sana na wa ardhi ya jirani. Kabla ya hapo, kati ya 2008 na 2009, kilijengwa kilima cha majaribio cha hekta 8 chenye viwanja vya mita 30 kwa 30, ambamo maji yote yatiririkayo hukusanywa na kupimwa. Mashapo mengi yalitoka misimu ya mwanzo, kisha yakapungua chembe laini zilipokwisha kusombwa na mawe kubaki juu. Kwa hiyo mashapo kupungua si lazima iwe kazi ya mimea. Pengine hakuna tena cha kusombwa.

Muda wa kupima nao una sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu migodi ya makaa ya mawe ya juu ya ardhi huiweka kampuni chini ya dhamana kwa miaka 5, na miaka 10 kwenye maeneo makavu. Ikipanda tena au kumwaga mbolea upya, miaka huanza kuhesabiwa tangu mwanzo. Kampuni ikija kijijini kwenu na picha za kilima cha kijani, waulizeni mbolea ya mwisho ilimwagwa lini.