Komredi, kukariri pekee hakutakuvusha kozi ya sheria

Mtaani tayari wanakuita wakili, na hujamaliza hata muhula wa kwanza. Wasichojua ni kwamba mhadhiri amekupa rundo la kesi za kusoma kufikia Ijumaa, nyingine ndefu kuliko kitabu cha fasihi ulichosoma kwa ajili ya KCSE. Unakesha, unapigia mstari karibu kila sentensi, halafu darasani ukiulizwa mahakama iliamua nini, unabaki kukodoa macho.

Usijione mjinga. Ile mbinu iliyokupa alama nzuri shuleni ndiyo inayokuangusha sasa. Huko ulikariri jibu, ukalimwaga kwenye karatasi, ukapasi. Huku unapewa kisa usichowahi kukisikia, kisha unaulizwa: sheria inasemaje hapa, na kwa nini?

Chukua kesi ya Francis Muruatetu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Upeo mnamo Desemba 2017. Ukiisoma juujuu utasema adhabu ya kifo ilifutwa Kenya. Wapi! Majaji walisema ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Adhabu ilibaki, ulazima ndio ulioondolewa. Baadaye hata wafungwa wa wizi wa mabavu walianza kutegemea uamuzi huo kuomba vifungo vipya, hadi Julai 2021 mahakama hiyo ilipofafanua kwamba ulihusu kesi za mauaji pekee. Kama kortini kwenyewe watu waliuelewa tofauti, wewe wa mwaka wa kwanza huna haja ya kuona haya kuusoma mara mbili.

Basi ufanyeje? Kabla ya kushika kalamu, iulize kila kesi maswali manne: Nini kilitokea? Mahakama iliulizwa swali gani? Ilijibu nini? Kwa sababu gani? Jibu la swali la mwisho ndilo wanaloita kwa Kilatini ratio decidendi. Yale mengine aliyoyasema jaji njiani ni obiter dicta, na hayafungi mahakama nyingine. Andika majibu hayo kwa maneno yako, yatoshe ukurasa mmoja.

Huna pesa za vitabu? Tovuti ya Kenya Law ina hukumu na sheria za nchi bila malipo. Soma na wenzako wawili watatu, kila mmoja aeleze kesi moja bila kutazama noti. Ukishindwa kuieleza, bado hujaielewa.

Zoea mapema. Baada ya miaka minne ya digrii kuna Kenya School of Law kule Karen, na mitihani yake haina huruma kwa waliozoea kukariri. Na siku moja mtu atakaa kizimbani, uhuru wake ukitegemea kama wewe ulisoma hukumu vizuri au uliipitia tu.