Mtoto Husoma Picha Kwanza

Je, wewe ni yule kijana ambaye madaftari yake yana michoro mingi kuliko masomo? Basi ukurasa huu ni wako. Kuna wanaosema kuchora ni kupoteza muda. Si kweli! Mtoto huanza kusoma picha kabla hajajua a-e-i-o-u, kwa hiyo anayemchorea mtoto ni mwalimu wake pia.

Mfano tunao hapa nchini. John Kilaka, aliyezaliwa mwaka 1966, anatoka Rukwa, mkoa ambao nao uko kando ya Ziwa Tanganyika. Alijifunza Dar es Salaam mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Halafu akaanza kutunga na kuchora vitabu vya watoto. Kimoja, kilichotoka kwa Kiingereza kwa jina la Fresh Fish, kinamhusu sokwe mvuvi anayepeleka samaki sokoni, huku mbwa akiwamezea mate. Sokwe, samaki, soko: si mambo yetu haya, ya Gombe na Kibirizi? Hakuhitaji kuchora theluji ili vitabu vyake vichapishwe Uswisi na Canada.

KAZI YAKO NA KAZI YA KUAGIZWA

Mchoraji ana kazi za aina mbili. Ya kwanza ni ile unayochora kwa kupenda mwenyewe: mama anayeanika dagaa Katonga, karabai za wavuvi usiku, miembe ya Ujiji. Hailipi leo, lakini ndiyo inayofundisha jicho, na ndiyo utakayomwonyesha mteja kesho.

Ya pili ni ya kuagizwa. Shule, zahanati au shirika linataka picha. Hii inalipa, lakini ukikosea, anayeumia ni mtoto.

Chukua kipindupindu. Mwezi Mei 2015 kiliwapata wakimbizi wa Burundi waliojazana Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka. Vijidudu vyake havionekani kwa macho, na maji ya ziwa letu ni maangavu, unaona mpaka mawe ya chini. Sasa ukichora vijidudu vyenye pembe ndani ya kikombe, mtoto atachungulia kikombe chake, ataona hamna kitu, atakunywa!

Afadhali uchore njia ya ugonjwa. Mtu anajisaidia ufukweni. Mvua inasukuma kinyesi ziwani. Dada anachota maji palepale. Mtoto anakunywa. Kisha chora kinga: maji yanachemka jikoni, ndoo ina kifuniko, choo kinatumika, mikono inaoshwa kwa sabuni.

KABLA HUJAKABIDHI PICHA

1. Waonyeshe watoto wachache picha bila maneno. Usiulize, "Mmeelewa?" Watakujibu tu, "Ndiyooo!" Uliza, "Hapa mnaona nini? Huyu anafanya nini?" Wakielewa vingine, usiwacheke. Rekebisha picha.

2. Angalia ukubwa wa vitu. Mbu akijaza ukurasa mzima, mtu anaweza kusema, "Mbu wa namna hii huku kwetu hawapo." Mchore pia kwa ukubwa wake halisi, ametua mkononi.

3. Andikianeni. Picha ngapi, shilingi ngapi, marekebisho mara ngapi, zitatumika wapi. Usione aibu, hata kama mteja ni mjomba wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii, kwa hiyo dai pia jina lako liandikwe kwenye kazi.

4. Linda afya yako. Rangi za mafuta zina harufu kali, na baadhi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Chora penye hewa, usiweke brashi mdomoni, usinawe kwa tina wala petroli. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na weka makopo mbali na wadogo zako.

Huna rangi? Usijali. Penseli moja na daftari vinatosha kuanza. Leo jioni chora jinsi maji yanavyotoka ziwani mpaka kwenye kikombe cha nyumbani kwenu. Mpe mdogo wako picha hiyo, halafu wewe nyamaza. Msikilize anavyoisoma. Hapo ndipo utajua kama umechora au bado.