Changieni bango, lakini pigeni hesabu kwanza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini sabuni nzuri iliyofichwa chumbani haijiuzi.

Hilo ndilo tatizo la wajasiriamali wanaofanyia kazi nyumbani katika kata ya Bweri, Manispaa ya Musoma. Stendi ya mabasi wanayo, abiria wanapanda na kushuka, ila hawajui kuwa mtaa wa nyuma kuna batiki au mtindi. Mtu mmoja bango linamshinda. Wakichanga, wanaliweza.

Tuseme bango na kibali chake ni Sh180,000, na wachangaji ni sita. Kila mmoja akitoa Sh30,000, mtengeneza sabuni anayepata faida ya Sh500 kwa mche atarudisha fedha yake akiuza miche 60 zaidi. Muuza maandazi anayepata Sh50 kwa andazi atalazimika kuuza 600. Hapo ndipo manung'uniko huanza na vikundi kuvunjika.

Afadhali kuchanga kulingana na faida. Wawili wenye faida kubwa watoe Sh50,000 kila mmoja, wanne waliobaki Sh20,000. Hesabu inatimia, na maandazi yanashuka hadi 400.

Kabla ya kutoa fedha, waandikiane pia simu ya nani itawekwa na atakayeuza bidhaa mbovu atafanywaje, maana mteja akiudhika hulaumu bango zima. Kisha kila mteja mpya aulizwe amesikia wapi, jibu liingie daftarini. Daftari hilo ndilo litakaloamua kama wachange tena.