"Mchango" Si Fedha Peke Yake: Istilahi za Kugawana Mali Ndoa Inapovunjika

Ziko istilahi ambazo mtu akizikosea atachekwa tu. Lakini ziko nyingine ambazo zikikosewa, mtu huweza kutoka mikono mitupu katika ndoa ya miaka ishirini. Katika makala haya tunakusudia kueleza chache za aina hiyo ya pili, nazo ni zile zinazohusu ugawaji wa mali ndoa inapovunjika.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila unaofanana na maisha ya Ipyana, wilayani Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mume alirithi shamba la migomba kabla ya kuoa. Baada ya kuoana, yeye na mkewe wamepanda kakao katika shamba hilo, wamenunua bonde la mpunga na kujenga nyumba ya matofali. Mume ndiye auzaye mazao na kupokea fedha. Mke hupandikiza mpunga, hupalilia, huamia ndege, huvundika kakao na kuianika, hupika na kulea watoto. Usuluhishi umeshindikana, na shauri limefika mahakamani. Mke anaulizwa: "Mama, katika mali hii wewe ulichangia nini?" Naye anajibu: "Sikuchangia kitu, mheshimiwa. Fedha alitoa baba watoto."

Mama huyu hakusema uongo. Katika matumizi ya kila siku, mchango ni fedha au kitu kinachotolewa mkononi: mchango wa harusi, wa msiba, wa ujenzi wa shule. Huandikwa daftarini kwa jina na kiasi. Aliyepalilia hana mstari katika daftari hilo.

Sheria, hata hivyo, imelipa neno hili maana pana zaidi. Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 114, iliipa mahakama mamlaka ya kuamuru mgawanyo wa mali inapotoa amri ya kutengana au ya talaka. Istilahi zake kuu ni hizi:

(a) Mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Hii si kila mali iliyomo nyumbani, bali ni ile waliyoipata wanandoa wakati wa ndoa kwa juhudi zao wote wawili. Yafaa ieleweke pia kwamba mali ya mmoja wao ya kabla ya ndoa huweza kuingia humo, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au na wote wawili. Shamba la migomba lililogeuka kuwa shamba la kakao ni jambo la kuchunguzwa hapa. Kwa hiyo kuandika "mali ya mume" kwa sababu tu alirithi ni kutoa hukumu kabla ya hakimu.

(b) Mchango. Kisheria, mchango waweza kuwa wa fedha, wa mali au wa kazi. Mfasiri akiacha neno "kazi", ameacha theluthi ya maana, na pengine haki yote ya mdai.

(c) Mgawanyo na mgawo. Mgawanyo ni tendo la kuigawa mali. Mgawo ni sehemu anayoipata kila mmoja. Mahakama hutazama mila za jamii husika, ukubwa wa mchango wa kila mmoja, madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyazingatia hayo, huelekea kwenye usawa. "Kuelekea kwenye usawa" kusifasiriwe kuwa "nusu kwa nusu", maana hiyo ingekuwa amri ambayo sheria haikuitoa.

Swali la kazi za nyumbani lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali. Hata hivyo, Bi Hawa hakupata mgawo, kwa kuwa ilionekana alikuwa ametumia vibaya fedha alizopewa na mumewe. Tunajifunza kwamba mchango hutambuliwa kwanza, kisha hupimwa. Lakini usiotajwa hauwezi kupimwa.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Heshima hiyo imeongeza mzigo wetu, kwa kuwa neno la Kiswahili sasa ndilo linalobeba haki yenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Wafasiri waandike kwa ukamilifu "mchango wa fedha, mali au kazi" kila neno hilo linapotokea kwa mara ya kwanza katika hati. Na watumishi wanaoandika maelezo ya wadai waulize hivi: "Mama, tangu mlipooana mpaka leo, ulikuwa ukifanya kazi gani shambani na nyumbani?" Mama wa Ipyana hatakosa jibu. Ataanza na mpunga, aendelee na kakao, na karani atahitaji karatasi ya pili.