Fahamu: Meno ya kale na kuenea kwa nyasi

Huko Lothagam, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, ambako leo ardhi ni kame na miti haba, wataalamu wamefukua meno ya wanyama walioishi zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita, nayo, ijapokuwa wenyewe wamekwisha kutoweka, yangali yanashuhudia chakula chao. Kwani nyasi za nchi za joto hujenga miili yao kwa njia isiyo ya miti, hata kaboni nzito huzidi ndani yake, nayo hukaa katika meno ya mlaji. Kwa dalili hiyo adhimu twajua kwamba farasi wa kale, wenye vidole vitatu, walitangulia kuzoea malisho ya nyasi zilizokuwa zikienea, ilhali jamii ya twiga walibaki na majani ya miti.