Roboti inayoogopa sakafu nyeusi

Wadogo zangu, kuna mashine ya kufagia nyumba ambayo ikifika penye sakafu nyeusi husimama, hurudi nyuma kidogo, hugeuka, hujaribu upande mwingine, kisha husimama tena. Haijaharibika. Inaamini kwamba mbele yake kuna shimo, na kwamba ikisogea kidogo tu itatumbukia. Sasa fikirini mashine hiyo imeletwa kwetu Mugunga, pembeni mwa mji wa Goma, ambako jiwe ni jeusi, changarawe ni nyeusi, ua umezungushiwa mawe meusi, na hata saruji ikichanganywa na mchanga wa volkano hutoka na rangi ya giza. Itafanya nini kwetu?

Mashine hii bado ni ngeni mitaani. Nyumba nyingi za Mugunga hufagiliwa kwa ufagio, asubuhi na mapema, na anayeinama mara nyingi ni mmoja wenu kabla hajaenda shule. Kwa hiyo leo tutaileta kwa maneno, tuipitishe mlangoni, tuone inajua nini na haijui nini.

Ni roboti bapa ya mviringo, kimo chake sentimita 10 hivi, upana kama 35. Inapita chini ya kitanda bila kugusa chaga. Chini yake kuna magurudumu mawili makubwa, brashi nene ya katikati inayozunguka, na brashi ndogo ya pembeni yenye nyuzi ndefu za kukokota uchafu kutoka kwenye kona. Ndani kuna feni inayovuta hewa kwa nguvu. Vumbi huingia na hewa hiyo na kuangukia kwenye kisanduku. Hewa hupita kwenye chujio na kutoka nje ikiwa safi. Basi. Kazi yote ya kufagia ni hiyo. Kilichowasumbua mainjinia kwa miaka mingi ni jambo jingine: kuifanya itembee yenyewe bila kujigonga, kukwama wala kuanguka.

Kampuni ya Electrolux ya Uswidi ilianza kuuza roboti ya namna hii mwaka 2001, ikaiita Trilobite. Mwaka uliofuata ikaja Roomba, kutoka kampuni ya Marekani iitwayo iRobot, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Rodney Brooks, Colin Angle na Helen Greiner. Roomba ya kwanza ilitoka Septemba 2002. Goma haiwezi kuusahau mwaka huo: tarehe 17 Januari volkano ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikashuka, ikakata mji katikati hadi ikaingia Ziwa Kivu. Wakati watu wa Goma wakijenga upya juu ya jiwe ambalo chini yake bado lilikuwa na joto, kwingine duniani watu walikuwa wananunua roboti ya kufagia zulia.

Brooks alikuwa amewatazama wadudu. Mende hana ramani ya jikoni kichwani, lakini hafi njaa na hapotei. Brooks akaona kwamba roboti nayo inaweza kuishi kwa mazoea machache mepesi: ukigonga kitu, geuka; ukipata ukuta, ufuate; ukiwa mahali peupe, zunguka na kupanua duara. Roomba za mwanzo zilifagia hivyo hivyo, zikipita mahali pamoja mara nne na pengine kusahau kona nzima. Siku hizi nyingi zina leza inayozunguka juu ya mgongo. Leza hupiga mwale, mwale hugonga ukuta na kurudi, na roboti hupima umbali. Ikifanya hivyo mara nyingi kwa sekunde moja, huchora ramani ya chumba na kujua ilipo ndani ya ramani hiyo.

Lakini leza hiyo iko juu, inatazama mbele na pembeni. Haioni chini. Kwa hiyo tumboni, karibu na ukingo, roboti ina vihisi vya kugundua shimo, na hapa ndipo tunarudi kwenye sakafu yetu nyeusi.

Kila kihisi kina taa ndogo na jicho dogo. Taa hutoa mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na kuumulika sakafuni. Sakafu ikiurudisha, jicho huupokea na roboti huendelea na safari. Mwanga usiporudi, roboti huamua kwamba sakafu imekwisha: labda ni ngazi, labda ni shimo. Ni kama mzee asiyeona anayegonga fimbo mbele yake. Fimbo isipogusa kitu, hapigi hatua.

Mkitaka kuuona mwanga huo, chukueni rimoti ya televisheni na simu yenye kamera. Washeni kamera ya mbele, elekezeni ncha ya rimoti kwenye kamera, kisha bonyezeni kitufe chochote. Kwenye kioo cha simu nyingi mtaona nukta ya zambarau ikimetameta, ingawa mkiitazama rimoti kwa macho yenu hamwoni kitu. Hiyo ndiyo infraredi.

Tatizo la kitu cheusi ni kwamba mara nyingi humeza mwanga badala ya kuurudisha. Jiwe la Nyiragongo na la volkano jirani ya Nyamulagira ni jeusi kwa sababu ya madini yake, yenye chuma na magnesi nyingi, na uso wake umejaa vitundu vilivyoachwa na gesi lava ilipokuwa inapoa. Mwanga unaoingia kwenye vitundu hivyo huruka huku na huku ndani na kupotea. Kwa hiyo roboti iliyofundishwa kwamba «mwanga usiporudi ni shimo» inaweza kufika kwenye sakafu ngumu iliyobeba mji mzima na kusema hapa hakuna kitu.

Si kila cheusi huidanganya. Vigae vyeusi vinavyong'aa wakati mwingine huurudisha mwanga vizuri, na kuna vitambaa vyeusi ambavyo kwa infraredi ni kama vyeupe. Ndiyo maana anayeleta roboti nyumbani aijaribu kwanza chumba kwa chumba. Ikikataa sehemu moja, kutandika plastiki ya sakafuni yenye rangi ya kung'aa hutosha. Kuna watu huziba vihisi kwa utepe mweupe ili roboti iache kuogopa. Mimi siungi mkono jambo hilo. Nyumba zetu nyingi zina kizingiti kilichoinuliwa kuzuia maji ya mvua, na nje ya mlango kuna ngazi moja au mbili za mawe. Roboti iliyozibwa macho ya chini itatoka mlangoni siku moja na kuangukia kwenye mawe yenye makali.

Sasa tuzungumze kuhusu vumbi lenyewe. Vumbi la Mugunga si la kuchezea. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, malori na pikipiki za barabara ya Goma na Sake hulipandisha hewani, na linaingia hata kupitia nafasi ndogo kati ya mbao za ukuta. Mawe ya volkano yanaposagwa na magurudumu hutoa chembe ngumu zenye kingo kali. Majivu ya volkano yana hata vipande vidogo vya kioo cha asili. Chembe hizo hukwaruza vigae, hula mpira wa magurudumu, na zikipenya kwenye ekseli huiharibu polepole. Roboti iliyotengenezwa kwa ajili ya makombo ya mkate na nywele za paka inapofika kwetu inakuta kazi ya mgodini.

Kwa hiyo hapa matunzo hayawezi kungoja wiki. Kisanduku kimwagwe kila baada ya kufagia, nje, mkiwa mmefunika pua kwa kitambaa. Chujio ligongwe taratibu kwenye ukingo wa ndoo mpaka vumbi liache kudondoka. Msilioshe kabla ya kuuliza: machujio mengi yametengenezwa kwa nyuzi zinazofanana na karatasi, na maji huyaua. Yale yanayoruhusiwa kuoshwa yakaushwe kabisa, siku nzima au zaidi, kwa sababu chujio bichi hushika vumbi na kuligeuza tope, feni inavuta bila kupata hewa, na mota inachemka. Katika nyumba zisizo na vumbi kali, chujio hubadilishwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kwetu, likiwa limeshika rangi ya jiwe na rangi hiyo haitoki hata likigongwa, muda wake umekwisha.

Kisha igeuzeni mashine, tumbo juu. Toeni brashi ya katikati. Kwenye ncha zake mbili, pale inapoingia kwenye tundu, mtakuta pete ngumu ya nywele, na katika nyumba yenye wasichana wanaosukana mtakuta hasa nyuzi za nywele za bandia, ndefu, za plastiki, zilizojikaza mpaka hazifunguki kwa vidole. Kama fundi wa cherehani anaishi hapo, mtaona pia nyuzi za kitenge. Pete hiyo inaposugua, plastiki hupata joto na tundu hulegea. Kateni kwa mkasi mdogo, kwa kufuata urefu wa brashi, kisha vuteni vipande kimoja kimoja. Lile gurudumu dogo la mbele lichomoeni pia kwa kulivuta. Ndani ya mhimili wake hujificha uzi ambao watu wengi hawaujui, halafu wanashangaa mbona roboti inakwenda upande. Malizieni kwa kitambaa kikavu, laini, kwenye vioo vidogo vya vihisi. Kioo kikishika vumbi, hata sakafu nyeupe itaonekana shimo.

Kuna vitu viwili ambavyo roboti haifai kupewa kamwe. Cha kwanza ni maji na tope, isipokuwa kama ni aina iliyotengenezwa kwa kupiga deki. Cha pili ni majivu ya mbabula, jiko letu la makaa. Makaa yanaonekana yamezima, lakini ndani ya majivu hubaki kaa moja jekundu. Likifyonzwa hadi kwenye kisanduku chenye vumbi kavu na hewa inayopulizwa, litawaka. Majivu ya jikoni yabaki kazi ya ufagio na kizoleo.

Na umeme? Betri ya roboti ya kawaida ni ya volti 14.4, yenye ampea-saa 2.6, maana yake inabeba wati-saa 37 hivi. Si nyingi. Paneli ndogo ya jua ya wati 50, jua likiwa kali, inaweza kuzitoa kwa saa chache, hata ukihesabu zinazopotea njiani. Goma ina umeme wa maji unaotoka Matebe, Rutshuru, kituo cha megawati 13 hivi kilichofunguliwa Desemba 2015, na ina pia umeme wa jua wa kampuni ya Nuru. Lakini nyaya hukatika, na Januari 2025 vita vilipoingia mjini, Goma ilikaa siku kadhaa gizani. Roboti haidhuriwi na giza. Inachodhuriwa nacho ni umeme unaorudi ghafla na kwa nguvu kupita kiasi; chomoeni kituo chake cha kuchajia umeme unapoyumba. Na mkilazimika kuondoka kwa muda mrefu, izimeni kabisa ikiwa na chaji nusu. Betri iliyoachwa tupu kwa miezi mara nyingi haiamki tena.

Kuna jambo moja zaidi ambalo roboti hii haijui, na ninyi mnalijua kuliko mainjinia wote. Haina pua. Mazuku, ile gesi inayotoka ardhini hapa Mugunga, Bulengo na karibu na Lac Vert, ni kaboni dayoksaidi, nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Hulala chini, hasa asubuhi kabla upepo haujaamka, na huua mbuzi, mbwa na watoto kabla ya watu wazima kwa sababu vichwa vyao viko karibu na ardhi. Roboti itapita katikati ya mazuku ikifagia bila shida, maana haipumui. Kwa hiyo ikikwama kwenye chumba cha chini au kwenye bonde nyuma ya nyumba, msiifuate mkiinama. Muiteni mtu mzima kwanza. Mashine inaweza kununuliwa nyingine.

Mmoja wenu ataniuliza, mashine hii imetoka wapi? Nyingi huundwa China. Lakini betri zake za lithiamu mara nyingi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, kule Kolwezi na jirani zake. Kwenye vifaa vya elektroniki hutumiwa pia tantali, inayotokana na koltani, na moja ya machimbo makubwa ya koltani liko Rubaya, Masisi. Kutoka Rubaya kwenda Goma njia hupita Sake, kisha hapa hapa Mugunga. Lori lililowarushia vumbi mlipokuwa mkienda shule huenda lilibeba kitu ambacho baadaye kitafagia vumbi la watu wengine.

Ndiyo maana naomba betri yake ikichoka, baada ya miaka miwili au mitatu, isitupwe jalalani wala kuchomwa. Betri ya lithiamu ikichomwa inaweza kulipuka, na moshi wake ni sumu. Ikivimba, msiibonyeze, msiichaji, iwekeni nje mbali na watoto wadogo. Kuibadilisha si kazi ya ajabu. Mafundi wa simu wa Goma wana bisibisi zinazofaa, na kifuniko cha betri kiko tumboni, kimeshikwa kwa skrubu chache tu. Mwambieni fundi aisome lebo ya ile ya zamani kabla hajatafuta mpya: volti ziwe zilezile, na plagi iwe ileile.